Kimya cha Chumba

Jua lilikuwa linazama nilipotumwa kwa mtunza vifaa kuchukua ufunguo wa studio. Aliyenituma alikuwa Mkurugenzi. Si mkurugenzi wa chuo, msije mkampa heshima asiyo nayo. Alikuwa mwanafunzi kama sisi, ila tangu siku ya kwanza darasani alikuwa akitoa amri, watu wakampachika jina hilo, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Mtunza vifaa, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinipa ufunguo huku akiushikilia kidogo upande wake.

"Mkiwa humo, lile komeo la stoo lichungeni, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Siku hizi linajikomea."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikachukua ufunguo nikaenda zangu.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kutengeneza mwanzo wa filamu ya kusisimua. Mwanzo tu, zile dakika chache ambazo mtazamaji huamua abaki au azime. Kwanza mnapanga: kila picha inachorwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani kwa mfuatano. Halafu mnapiga. Mwisho mnasimama mbele ya darasa na wageni, mnatazama pamoja, na mwalimu anawauliza kila picha na kila sauti mliipata vipi na mliiweka kwa nini. Hiyo ndiyo tathmini, na ndiyo inayotoa watu jasho.

Kundi letu lilikuwa na watu watatu. Mkurugenzi, aliyekuwa anarudia mwaka. Mpiga picha, kijana mpole tuliyemwita Macho. Na mimi wa kunasa sauti, ambaye jina langu, bila shaka, lilikuwa Masikio.

Sikuingia chuoni kwa mapenzi ya filamu. Niliingia kwa ajili ya Mkurugenzi, na ninalisema bila haya.

Mwaka uliotangulia, mdogo wangu alikuwa mwigizaji katika kundi lake. Nyumbani tulimwita Kasuku, kwa sababu alianza kuongea akiwa hajafungua macho asubuhi na alinyamaza tu akiwa na peremende ya mnanaa mdomoni. Tulichangia mama, kila mmoja na baba yake, kwa hiyo majina yetu hayakufanana na hakuna aliyetuunganisha. Kasuku alikuwa na pumu. Siku moja baada ya mazoezi alikutwa ndani ya stoo ya mavazi, ile iliyomo studio, akiwa ameshakata roho. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa kwenye begi, nje, juu ya kiti. Mkurugenzi alieleza kwamba wote walikuwa wameondoka, kwamba Kasuku alirudi peke yake kubadili nguo, na mlango ukakwama. Wenzake wakaitikia. Baadaye wakahama chuo, mmoja baada ya mwingine, yeye akabaki.

Mama hakuuliza mengi. Aliuliza jambo moja, na ameliuliza kila siku tangu hapo, akiwa anafua, akiwa anakula, akiwa anatazama ukuta.

"Alibisha mlango? Maana mwanangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alibisha, na kuna mtu alimsikia?"

Hilo ndilo nililokuja kulitafuta. Nilikuwa na hasira iliyonikaa kifuani mpaka nikaizoea, na nilitaka jibu la mama litoke kwenye kinywa cha yule bwana, hata kama ni kwa kukabwa.

Katika kupanga, mambo yalianza kwenda upande. Tulichora picha zetu na kuzibandika: mkono kwenye komeo, kiatu sakafuni, taa inayumba. Asubuhi moja tukakuta mchoro mwingine mwishoni mwa safu. Karatasi yote ilikuwa imepakwa penseli nyeusi, isipokuwa mstari mwembamba wa mwanga chini. Ilichukua muda kuelewa kwamba ni mlango. Mlango unaotazamwa kutoka ndani ya stoo, na mtu aliyelala chini.

Macho alidhani nimechora mimi. Mimi nilidhani ni yeye. Mkurugenzi akasafisha koo, akasema alikuwa na wazo hilo siku nyingi. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimwachia kivuli chake atakuambia amekibuni.

Karatasi ilikuwa inanukia mnanaa.

Sasa jioni ile ya ufunguo tulikuwa tumekwisha kupiga karibu kila kitu. Yalibaki mambo mawili. La kwanza ni ile picha ya kutoka ndani ya stoo. La pili ni kimya cha chumba.

Nieleze hili, maana bila hilo hamtanielewa. Hakuna chumba kisicho na sauti. Kuna feni, kuna nyaya, kuna upepo dirishani. Kwa hiyo kabla ya kufungasha vifaa, mtu wa sauti huwaomba wote wasimame walipo, wasikohoe, wasisogeze hata kidole, naye anarekodi ule utupu. Baadaye unalazwa chini ya maneno na majina ili filamu isisikike imekatikakatika. Sheria ni moja: anayerekodi akiinua mkono, hakuna kusogea mpaka aushushe. Mkurugenzi aliipenda sana sheria hiyo. Aliinua mkono hata mahali ambapo haukuhitajika, kiganja wazi, kama anasimamisha magari.

Macho alikataa kuingia stoo. Alisema waziwazi kwamba anaogopa. Mkurugenzi alimcheka, akachukua kamera ndogo, akaingia mwenyewe na kulala sakafuni kati ya makoti ya kuigizia. Macho akaurudisha mlango bila kuukomea.

Tulisubiri. Kisha sauti ikatoka ndani: picha ameipata, turekodi kimya hapohapo tumalize, yeye hatatikisika.

Nilikuwa nimejipangia kulikomea lile komeo kwa mkono wangu. Nilitaka nimwache humo, nimuulize swali la mama kupitia mlangoni, na nisifungue mpaka ajibu. Nilivaa hedifoni. Nikabonyeza kurekodi. Nikainua mkono.

Feni... nyaya... pumzi ya Macho.

Nikapiga hatua kuelekea mlangoni.

Komeo likasogea.

Polepole. Chuma juu ya chuma. Hakukuwa na mkono juu yake. Macho alikuwa upande mwingine wa chumba, mdomo wazi, na mimi nilikuwa bado sijafika. Likateleza mpaka mwisho, likatulia.

Tk.

Mkurugenzi alisikia. Akasukuma mlango. Akasukuma tena. Kisha akaanza kugonga kwa ngumi, ovyo, kwa pupa. Macho akanyanyua mguu kwenda kumfungulia. Akanitazama.

Mkono wangu ulikuwa juu. Sikuushusha.

Mguu wake ukarudi chini. Alikuwa mwanafunzi mtiifu, maskini.

Kwa macho niliona mlango ukitikiswa na mwanamume mzima. Lakini kwenye hedifoni, naapa, hakukuwa na ngumi. Kulikuwa na vipigo vya vifundo vya vidole. Viwili vya haraka, kisha kimoja peke yake. Viwili, kimoja. Hivyo ndivyo Kasuku alivyobisha mlango wa bafu tangu utotoni, nikichelewa kutoka. Chumba kikajaa harufu ya mnanaa, nzito, ya karibu, ikanijaa puani. Halafu sauti, sikioni kabisa.

"Dada..."

Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Niliendelea kuinua mkono, na niseme ukweli, nilifurahi. Kila alipogonga nilifurahi zaidi.

Kugonga kukalegea. Hapo Macho akashindwa. Alikimbia akalivuta komeo, na Mkurugenzi akaanguka nje kwa magoti. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Yule bwana hakuwahi kuugua pumu maisha yake yote. Alikuwa kinara wa mbio chuoni.

"Nani... alikuwa humo?" aliuliza.

"Ulikuwa peke yako," nilimwambia.

"Kwa nini hamkufungua?"

"Tulikuwa tunarekodi kimya."

Sikujua nilichosema. Nilidhani ni jibu la kejeli tu. Lakini uso ulimsawijika, akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona, akaniambia nifute nilichorekodi. Nikamwambia sawa. Sikufuta.

Usiku huo nilisikiliza. Feni. Nyaya. Hakuna zaidi. Hakukuwa na ngumi, wala vifundo, wala neno. Nililia kwa uchungu, maana nilikuwa nimeusikia mkono wa mdogo wangu mlangoni na sikuwa na kitu cha kumpelekea mama. Basi nikaulaza utupu ule chini ya majina ya mwanzo, kama kazi ilivyotaka, nikaikabidhi filamu.

Siku ya tathmini wageni walijaa. Mama alikuja. Alikuwa ameapa kutokanyaga pale, lakini nilimsihi, akakaa safu ya mbele na mkoba wake mapajani. Taa zikazimwa. Filamu ikaanza: mkono kwenye komeo, kiatu, taa inayumba. Kisha skrini ikawa nyeusi, mstari mwembamba wa mwanga chini, na majina yakaanza kupita kwenye kimya.

Viwili vya haraka. Kimoja peke yake.

Nilimsikia mama akivuta pumzi. Hakuhitaji kuambiwa.

Viwili. Kimoja. Halafu sauti ya msichana nisiyemjua, ya kunong'ona, karibu na maikrofoni:

"Anabisha huyo. Tumfungulie."

Na sauti iliyomjibu kila mtu ukumbini aliijua.

"Acheni kwanza. Tunarekodi kimya. Nimemfungia ajifunze kutochelewa mazoezini."

Kicheko kidogo. Kisha kubisha kukaendelea, hafifu, hafifu zaidi... kukaisha. Na baada ya hapo ukafuata kimya kizuri kuliko vyote nilivyowahi kurekodi. Kimya safi. Alikipata alichokitaka.

Taa zikawashwa. Mwalimu wa filamu alikuwa amesimama, na karatasi zake zilikuwa zimedondoka. Aliuliza swali analouliza kila mwaka, kwa sababu nadhani hakuwa na lingine.

"Sauti hii mliipata vipi?"

Mkurugenzi alisimama ajibu. Alifungua mdomo, ikatoka filimbi. Alijaribu tena, filimbi. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Na hapo, kwa mazoea tu, au kwa kuomba msaada, akainua mkono. Kiganja wazi.

Ukumbi mzima ukatulia.

Hakuna aliyesogea. Wanafunzi, wageni, mwalimu, wote wakabaki wanamtazama akizama nchi kavu, kana kwamba wameamriwa. Nilikuwa mmoja wao, ila mimi sikuwa nimeamriwa na mtu.

Aliyesogea ni mama. Alikwenda mpaka alipokuwa yule bwana, akafungua mkoba, akatoa ile dawa ya kupuliza ya Kasuku. Amekuwa akitembea nayo tangu msiba. Akaishika mbele ya uso wake bila kumpa.

"Alibisha?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ulimsikia?"

Machozi yakimtiririka, akaitikia tena.

Mama akamwekea dawa mdomoni, akambonyezea, akamshika bega mpaka pumzi ikarudi. Mimi ningefunga mkoba nikaondoka. Nililisema hilo siku hiyo na nalisema leo.

Yaliyofuata ni ya polisi na mahakama. Alikiri yote. Wanasema huko aliko anaomba redio iwake saa zote, na ikizimwa anapiga ukuta mpaka wamwashie. Mwalimu wa filamu alishikilia kwamba kadi ya kumbukumbu ilikuwa na rekodi ya zamani isiyofutika, zikachanganyika. Sikubishana naye. Kadi ile niliinunua mwenyewe asubuhi ya siku tuliyorekodi, na karatasi yake niliichana kwa meno. Macho aliniuliza mara moja tu, kwa kunong'ona, kama nilitumia uchawi. Nilimwambia hapana. Tangu hapo hataki kukaa chumba kimoja nami.

Mama amepata jibu lake. Analala. Anakula. Nilidhani yameishia hapo.

Jana jioni umeme ulikatika. Tulikuwa tumekaa sebuleni, mimi na yeye. Friji ikaacha kunguruma, feni ikazunguka taratibu mpaka ikasimama, na nyumba ikawa kimya. Nikasikia harufu ya mnanaa.

Mlango wa nyuma. Viwili vya haraka. Kimoja peke yake.

Uso wa mama uling'aa kwa namna ambayo sijaiona tangu mwaka juzi. Alitafuta ndala zake katika mwanga hafifu wa jioni, akainuka kwenda kufungua.

"Nakuja, mwanangu," alisema.

Na mkono wangu ukapanda juu. Si mimi niliyeuinua. Ulipanda wenyewe, kiganja wazi, ukasimama kati ya mama na mlango, na mama akaganda palepale alipofika.

Nje pakabishwa tena, polepole zaidi.

"Kwa nini unanizuia?" aliuliza mama.

Nilijaribu kuushusha. Niliuvuta kwa mkono wa pili, kwa nguvu zangu zote. Haukushuka.