Aliyebeba Tangi la Orbie

Verna Tackett alirudi nyumbani asubuhi kutoka zamu ya usiku, miguu imevimba, akakuta tangi la samaki la mumewe Orbie limekaa sawasawa. Hilo ndilo lililomshtua. Jana lilikuwa limeinama upande wa dirishani kwa upana wa kidole kizima, na Lonzo, mdogo wake Orbie, alikuwa ameliacha hivyo makusudi.

"Jeki haipandishwi kwa pupa, shemeji," alikuwa amemwambia Lonzo, ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha nyumba za watu zilizoinama. "Leo kidogo, Jumamosi kidogo. Ukiiharakisha, nyumba inachanika."

Leo ilikuwa Jumatano. Lonzo alikuwa kazini kaunti nyingine. Na maji yalikuwa sambamba na ukingo wa kioo pande zote mbili.

"Orbie, nani kaja hapa?"

"Hajaja mtu," alisema mumewe kutoka kitandani, mrija wa oksijeni puani. "Ila huko chini kuna mtu anaguna tangu alfajiri."

"Paka huyo."

"Paka haguni hivyo, mama. Huyo kabeba kitu."

Verna alikuwa hoi, wala hakubishana. Alivua viatu, akaenda kulala.

Sasa tuelewane. Nyumba yao ilikuwa mojawapo ya zile za kiwandani, zinazovutwa na lori mpaka kiwanjani na kuketishwa juu ya matofali, huko milima ya Kentucky. Sakafu yake ni chipbodi, vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ukiimwagia ndoo ya maji inavimba. Na juu ya sakafu hiyo mzee kaweka tangi la galoni mia moja na ishirini na tano, ratili elfu moja na mia nne na zaidi, miguuni pa kitanda chake! Mtu mwingine angeliuza. Lakini Orbie alikuwa amekula vumbi la makaa miaka thelathini chini ya ardhi, mapafu yamekwisha, na kilichobaki cha kumtuliza ni wale samaki. Akiwatazama, pumzi inashuka. Umeme ulipokatika siku mbili na taa ya tangi ikazimika, alikataa hata maharage na mkate wa mahindi, akawa anageukia ukutani. Verna alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba samaki wakiondoka na huyu anaondoka.

Kwa hiyo sakafu ilipoanza kubonyea, Lonzo aliingia uvunguni mwa nyumba, akapitisha boriti moja nene chini ya zile ndogo za sakafu, akaomba matofali sita ya saruji ya kuishikilia. Verna akayaleta kwa toroli. Akasema kayapata kwa binamu yake.

Alidanganya. Aliyatoa kiwanja namba tisa, mtaa huohuo.

Pale kiwanjani, nyumba ikishavutwa, matofali yanayobaki ni ya atakayeyawahi, hakuna anayeuliza. Isipokuwa yale yaliyomuua mtu. Hayo yanapasuliwa kwa nyundo siku ya mazishi, na vipande vinatupwa mtoni. Kila mtu analijua hilo. Ila Estill Ratliff wa namba tisa hakuwa na ndugu, na hakuna aliyejitokeza na nyundo. Mwaka jana alikuwa akinyoosha nyumba yake peke yake, jeki ikateleza, nyumba ikamlalia mabegani. Walimkuta jioni.

Verna alimsikia asubuhi ile. Hilo hakumwambia mtu. Alikuwa ametoka kuwageuza na kuwaosha wazee usiku kucha, ndiyo kwanza ameweka kichwa kwenye mto, akasikia sauti ya mwanamume ikiita kwa mbali. Akasema moyoni, yupo mwingine atakayekwenda. Akavuta shuka, akageukia upande wa pili. Maskini Verna, alikuwa amechoka tu.

Siku ya Alhamisi alilala saa tano hivi za asubuhi, jua linawaka nje. Akaamshwa na harufu: saruji mbichi, mafuta ya injini, na ile tumbaku ya kutafuna ambayo Estill alikuwa haiachi mdomoni. Kisha akasikia mguno, ukitoka chini ya sakafu, karibu kabisa na sikio lake, mguno wa mtu anayehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda bega lile, na baada ya mguno pumzi ndefu, na baada ya pumzi, taratibu, bila hasira yoyote, kama mtu anayeomba maji, sauti ikasema nimechoka, nimechoka jamani, nani atanipokea mzigo huu, na Verna akalala pale macho yamemtoka, akitaka kupiga kelele na asiipate sauti, huku tangi chumba cha pili likitetemeka kidogo na maji yakigonga kioo.

Hakujibu. Mara ya pili sasa, hakujibu.

Jumamosi Lonzo akaja, akatambaa uvunguni akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Alipotoka, uso ulikuwa mweupe pe.

"Shemeji, njoo hapa, kaka asisikie." Akashusha sauti. "Kati ya matofali na boriti napitisha kiganja. Kiganja hiki! Jeki imelegea, inacheza. Hakuna kinachogusa boriti."

"Si tangi limenyooka?"

"Ndiyo nakuuliza mimi. Limeshikwa na nini?" Akamtazama. "Verna. Yale matofali umeyatoa wapi?"

Akamwambia. Yote, pamoja na ile asubuhi. Lonzo alikaa chini kwenye ngazi, akashika kichwa.

"Wewe mwanamke wewe," alisema. "Kamwite Dada Zelma."

Dada Zelma wa kanisa la juu mlimani alikuwa mama mnene mwenye magoti mabovu, aliyekwisha kutoa pepo kwenye nyumba nyingi kuliko alizolala. Alipaka mafuta vizingiti vyote, akaweka kiganja sakafuni, akaomba mpaka jasho likamtiririka. Kisha akatega sikio.

"Huyu si mkorofi," alisema. "Kakosa mtu wa kumwitikia, basi. Mwanangu, ingia ukamjibu. Lonzo ataweka vyuma, matofali tutayapasua, atakwenda zake."

"Nimjibu nini?"

"Ukweli. Una kingine?"

Verna akaingia kwa tumbo. Giza lilikuwa zito ingawa nje ni mchana, udongo wa baridi, na mbele yake, kati ya yale matofali sita, kitu kilichoinama kilikuwa kinapumua.

"Nilikusikia, Estill," alisema, machozi yakimwingia mdomoni. "Siku ile nilikusikia. Nilikuwa nimechoka, nikalala. Nisamehe."

Kisha ile sauti, karibu na shavu lake: "Hata mimi nimechoka, Verna. Nipokee basi."

Hapo ujasiri ukamwisha. "Siwezi," alisema. "Mimi siwezi," akarudi kinyumenyume, akitambaa kwa viwiko mpaka kwenye mwanga.

Hata hivyo, kazi ikafanyika. Lonzo alisimamisha nguzo nne za chuma, Dada Zelma akashika nyundo mwenyewe, matofali yakawa kokoto. Harufu ikapotea. Wakasikia nyayo za mtu mwepesi zikikatiza changarawe kuelekea barabarani, wakashikana mikono, wakamshukuru Mungu.

Verna akakimbilia ndani kumpa mumewe habari njema.

Orbie alikuwa amekaa wima kitandani, yeye ambaye tangu mwaka jana hakuweza kukaa. Mikono ameiinua juu ya mabega, viganja vinaangalia dari, mishipa ya shingo imesimama. Mabegani, chini ya fulana, michubuko ilikuwa imeshaanza kujaa, mipana.

"Aliniuliza na mimi," alisema kwa shida. "Ulipokataa. Nikaona mwaka mzima nimelala tu, na wewe unanibeba. Nikamwambia lete."

"Shusha, Orbie! Shusha mume wangu!"

"Samaki wataanguka."

Kutoka uvunguni Lonzo akapiga kelele: "Shemeji! Nguzo zimeachia! Hazigusi kitu!"

Verna akachomoa bomba la tangi, akafungulia maji yamwagike kwenye zulia, galoni baada ya galoni, samaki wakaanza kulala ubavu, na yeye analia huku anawatazama wale aliowatetea muda wote huo. Tangi likakauka. Mikono ya Orbie haikushuka hata nukta; kumbe mzigo aliopokea ni ule wa Estill, haukuwa wa maji. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Basi akapanda kitandani na viatu vyake vya kazi. "Sogea," alisema. "Nipe upande huu." Akaingiza bega chini ya mkono wa mumewe.

Uzito ukamshukia mpaka meno yakagongana. Orbie akavuta pumzi, ya kwanza iliyofika chini.

"Afadhali," alisema. Wakakaa kidogo, bega kwa bega. "Zamu yako leo inaanza saa ngapi?"

"Saa moja," alisema Verna, akijaribu kutosogea.