Fomu Themanini za Ng'ambo ya Mto

Kila asubuhi kabla ya chai, Nakhumicha alibeba mitungi miwili na kwenda kuteka maji kwa Mama Waithera. Mfereji wa Mama Waithera, bomba lenye koki, ulikuwa langoni pa ploti yake, na mlolongo wa mitungi ulianza kabla jua halijatoka.

"Naku, leo umemshinda jogoo?"

"Jogoo ni wewe, Mama Waithera. Sisi ni vifaranga."

"Na shangazi yako bado anasoma? Huyo atasoma mpaka vitabu vimwombe msamaha!"

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka wa 2007. Nakhumicha alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi Kabiria, mtaa mmoja pembezoni mwa jiji, na baba yake, Shem, ambaye alikuwa mwashi, na shangazi yake Emmah, dada mdogo wa baba. Mama yake alikuwa amefariki miaka mitatu iliyotangulia, na tangu hapo Anti Emmah ndiye aliyemsuka nywele na kumkagulia madaftari.

Mchana Emmah alifanya kazi katika ofisi moja mtaa wa Hurlingham. Jioni alikwenda chuo katikati ya jiji kusomea shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari. Muhula huo alikuwa na masomo mawili yaliyomkaba koo: uchimbaji data na usanifu wa programu. Ukuta wa sebule ulikuwa umejaa karatasi za manila zenye visanduku na mishale. Shem alizitazama kila jioni akaguna.

"Mistari yote hii! Mimi ningekuwa nishaezeka paa."

"Kaka, hata programu ina msingi," Emmah alimjibu. "Ukianza na paa, inakuangukia."

Jumapili moja Emmah alimkabidhi Nakhumicha rundo la fomu mia mbili. Maswali yalikuwa matatu: Mnateka maji wapi? Mnayachemsha? Kuna mtu nyumbani aliyeugua taifodi miezi mitatu iliyopita?

"Fomu moja haisemi kitu," Emmah alimweleza. "Lakini nikiingiza mia mbili kwenye kompyuta, itachimba humo mpaka ione kipi kinafuatana na kipi. Bisha hodi kila nyumba. Asiyejibu, andika 'hakujibu'. Usijaze mwenyewe hata kidogo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Anti."

Wiki ya kwanza Nakhumicha alifanya kazi vizuri. Alijaza fomu mia moja na ishirini. Wengine walimkaribisha chai. Wengine walimfukuza, na mtu asiwalaumu haraka, maana sisi wa Kabiria tumeulizwa maswali mengi. Mzee mmoja alimwambia, "Mwaka juzi walikuja kuniuliza habari za huu mtaro wa maji machafu. Mwaka jana wakaja tena. Mtaro si huo hapo? Umehama?" Nakhumicha akaandika 'hakujibu' na kuondoka.

Jioni Emmah alizipitia fomu. Alipokuta yenye mgonjwa uso wake uling'aa. "Hii ni nzuri! Hii ina kitu. Hizi za 'hapana, hapana' hazinipi chochote." Alisema hivyo kwa uchovu tu wa kazi, wala hakujua kwamba mtoto alikuwa akimsikiliza.

Zilibaki fomu themanini, zote za ploti za ng'ambo ya mto. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Daraja lilikuwa magogo mawili yenye utelezi, na upande wa pili mbwa alikuwa anabweka. Nakhumicha alisimama ukingoni, akajiambia atarudi kesho. Kisha akageuka na kwenda kwa rafiki yake Becky.

Chumba cha kina Becky kilikuwa na joto, na dirisha lake lilitazama mfereji wa Mama Waithera. Nakhumicha akatoa kalamu. Penye 'Mnateka maji wapi?' aliandika alichokiona dirishani: kwa Mama Waithera. Penye taifodi aliandika 'ndiyo' ili Anti afurahi. Kisha 'ndiyo' nyingine. Alibadilisha kalamu, nyeusi na buluu, na fomu moja akaidondoshea chai ili ionekane imetoka safarini.

"Na hawa watu wote ni wagonjwa?" Becky aliuliza.

"Anti anapenda wagonjwa."

Walicheka mpaka mama yake Becky akagonga ukuta.

Emmah aliingiza majibu yote kwenye kompyuta yake kuukuu. Ilimchukua siku tatu. Siku ya nne akapiga kelele, "Naku, njoo uone!"

Kwenye kioo palikuwa na mistari michache tu. Emmah aliisoma kwa sauti: wanaoteka kwa Mama Waithera, zaidi ya nusu walikuwa na mgonjwa nyumbani.

"Labda kompyuta imekosea, Anti."

"Kompyuta inasoma ulichoilisha tu, mpenzi. Wewe ndiye umeilisha. Umenisaidia sana!"

Angesema hapo, mambo yangeishia sebuleni. Lakini Anti alikuwa amemkumbatia, na ni vigumu kumwambia mtu maneno kama hayo akiwa amekukumbatia.

Katika somo la usanifu, Emmah alitakiwa kubuni programu ya kutumiwa na ofisi ya kweli. Alikuwa amechagua ofisi ya afya ya mtaa: programu ingewaonya wakubwa mahali penye hatari. Akawapelekea matokeo wayaone, na mara tatu akawaambia ni rasimu. Sasa, wakubwa ni watu wa ajabu. Mtaro wetu walikuwa wameshindwa kuuona miaka minne, lakini karatasi waliiona siku hiyo hiyo. Afisa alikuja na askari wawili. Hakupima maji wala hakubeba hata chupa. Alitia kufuli kwenye mfereji wa Mama Waithera, akachora alama nyekundu ukutani, akaenda zake.

"Kumbe ulikuwa unatunywesha uchafu!" mwanamke mmoja alimpigia Mama Waithera kelele mbele ya watu.

Tangu siku hiyo wote walishuka kuteka maji kwenye mfereji wa bondeni. Nakhumicha naye alishuka. Kila asubuhi ilimbidi apite langoni pale, na Mama Waithera alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kufuli. Hakusema habari ya jogoo tena.

Jioni moja Mama Waithera alikuja kumwona Shem. Nakhumicha alikuwa anamimina chai.

"Baba Naku, niambie kama jirani. Miaka kumi na mmoja nimewapa maji. Watoto wangu wanakunywa hayo hayo. Nimekosa nini?"

"Hukukosa kitu," Shem alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Emmah aliwaambia ni rasimu tu. Hao ni wale wale! Mama Naku alilala benchi la hospitali siku nzima. Nilipopewa karatasi yake, imeandikwa 'amepimwa'. Na muhuri juu! Mimi nilikuwepo, Mama Waithera. Hakuna mkono uliomgusa. Mtu alikaa mezani akajaza, akaenda chakula cha mchana. Nitawalaumu mpaka nife."

Chai ilimwagika mezani. "Samahani, Baba," Nakhumicha alisema. Alifuta meza, na baada ya meza kukauka akaendelea kuifuta. Akisema, Anti atafeli. Asiposema, Mama Waithera atakaa kando ya kufuli. Na Baba? Baba akijua, atamtazama kama anavyomtazama yule mtu wa mezani. Kila alikogeukia, kulikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa umefungwa kwa mkono wake mwenyewe.

Shule zilifunguliwa. Wiki ya tatu, kiti cha Becky kilikuwa kitupu. Nakhumicha alimkuta kitandani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Ilikuwa taifodi.

"Tumekuwa tukiteka bondeni," mama yake Becky alisema, akatoka kwenda kuchemsha uji.

Becky alimvuta Nakhumicha karibu. "Sasa mimi ni mgonjwa wa kweli," alinong'ona. "Niandike kwa ile fomu yako."

Alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikufika.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya Emmah kuwasilisha kazi yake chuoni. Alikwenda na Nakhumicha, kama zawadi ya kazi aliyomfanyia. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya saba, na madirisha yake hayakufunguka. Projekta ilitupa picha ukutani: mti wa maamuzi, wenye matawi na majibu. Kwenye tawi nene kuliko yote paliandikwa 'Mama Waithera'. Nakhumicha aliyatazama maneno yale, akatamani umeme upotee. Umeme, ambao Kabiria hupotea kila mara, siku hiyo ulikaa.

Mhadhiri, Daktari Mungai, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Emmah, programu umeisanifu vizuri. Nina swali kuhusu data. Katika fomu mia na ishirini za kwanza, watu kumi na tisa walikataa kujibu. Katika themanini za mwisho, hakuna hata mmoja. Watu wa ng'ambo ya mto ni waungwana kiasi hicho?"

Wanafunzi walicheka. Emmah naye alitabasamu.

"Aliyekusanya yuko hapa, Daktari. Naku, simama uwaambie. Walikupokeaje kule?"

Watu wote waligeuka. Nakhumicha alisimama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mfupi na rahisi: walinipokea vizuri. Alimtazama Anti, aliyekuwa anatabasamu bila shaka yoyote. Akakumbuka midomo ya Becky.

"Sikuvuka mto," alisema.

"Unasemaje?" Emmah aliuliza.

"Fomu za ng'ambo nilizijaza mimi. Nyumbani kwa kina Becky. Zote themanini." Alianza kulia. "Mama Waithera hajafanya kitu."

Hakuna aliyecheka. Emmah alishika meza kwa mikono miwili.

"Daktari," alisema, "makosa ni yangu pia. Sikurudia kukagua hata nyumba moja."

"Ni kweli," Daktari Mungai alisema. "Leo siwezi kukupa alama. Una wiki mbili." Kisha akamwambia Nakhumicha kwa upole, "Kaa chini, mwanangu. Maneno hayo yamekugharimu."

Nyumbani, Shem alikuwa anasafisha mwiko wake wa ujenzi. Nakhumicha alimweleza yote akiwa amesimama. Shem hakumpiga, wala hakupaza sauti. Jioni ile hakumlaumu mkubwa yeyote. Mwishowe Shem alivaa viatu.

"Twende kwa Mama Waithera. Utasema mwenyewe."

Alisema. Mama Waithera alimsikiliza kutoka kwenye kigoda chake. "Sitasema si kitu, maana ni kitu," alijibu. "Lakini umekuja kwa miguu yako. Jumatatu nitakwenda nawe kule ng'ambo. Mbwa yule ananijua."

Kwa siku nane, kila baada ya shule, walivuka magogo. Emmah aliomba ruhusa ofisini akawa anakwenda nao. Nyumba ya kumi, mama mmoja aliwafungia mlango usoni. Nakhumicha aliandika 'hakujibu', akajisikia mwepesi.

Fomu za kweli zilipoingizwa, kompyuta ilichimba upya, na tawi nene likahama: wagonjwa wengi walikuwa wa mfereji wa bondeni. Emmah safari hii hakupeleka karatasi peke yake. Yeye na Shem na majirani kumi walikwenda ofisi ya afya na chupa mbili za maji, wakakataa kuondoka mpaka yapimwe. Maji ya Mama Waithera yalikuwa safi. Ya bondeni yalikuwa na uchafu, kwa sababu bomba lake lilipita ndani ya mtaro na lilikuwa limepasuka.

Kufuli ilitolewa. Kuomba radhi, hapana. Wakubwa walituma barua kwamba bomba litashughulikiwa, na walioingia mtaroni kulihamisha walikuwa Shem na vijana wa mtaa. Becky alimaliza dawa zake, akarudi shuleni akiwa mwembamba na mwenye maneno mengi kama zamani. Emmah alipata alama zake. Kwenye manila mpya aliongeza kisanduku kimoja, ili mshale wowote usifike penye 'funga' kabla haujapitia penye 'pima'.

Jioni hiyo Shem alisimama mbele ya manila ile, mikono nyuma. Nakhumicha alikuwa anaandika kazi ya shule.

"Hiki kisanduku," Shem alisema. "Kingekuwepo ile hospitali, pengine mama yako angekuwa hapa." Kisha akaketi karibu naye. "Miaka mitatu nimemtafuta yule mtu aliyejaza karatasi bila kumtazama. Nilidhani ni mtu mbaya sana, ana pembe. Kumbe pengine mvua ilikuwa inanyesha tu, na alikuwa amechoka."

Nakhumicha aliinamisha kichwa.

"Sikuambii hivi ili ulie. Wakubwa nitawalaumu bado, kazi yao hawaifanyi. Lakini wakubwa hawaanguki kutoka mbinguni, Naku. Ni watoto waliokua. Ukiandika 'nimeona', uwe umeona. Hujaona, andika hujaona. Nyuma ya kila karatasi kuna mtu, na huyo mtu ana kiu."

Asubuhi Nakhumicha alibeba mitungi miwili. Langoni mlolongo ulikuwa umerudi, na alama nyekundu ilikuwa imepakwa chokaa. Alisimama mwisho wa mlolongo, akangoja zamu yake.

"Naku!" Mama Waithera aliita kutoka mbele. "Leo jogoo amekushinda!"