Buti za Bi Averill

Kila Jumanne ya kwanza ya Machi, wakazi wa mji wetu mdogo katika jimbo la Vermont, Marekani, hukusanyika ukumbini kuchagua viongozi kwa kuinua mikono. Darasa la saba huandika habari za mkutano, na gazeti lao hubandikwa karibu na meza ya chakula cha mchana, kabla ya kura.

Mwaka huo mwandishi alikuwa Tamsin. Wagombea wa kazi ya kusimamia barabara za mji walikuwa wawili: Bwana Pruitt, na Bi Averill aliyeishika kazi hiyo miaka sita. Kuhusu Bwana Pruitt, Tamsin aliandika mipango yake ya madaraja. Kuhusu Bi Averill aliandika: "Amekuja na buti zilizojaa matope, nywele timtim kama kiota. Asiyejitunza atatunzaje barabara?"

Watu walilisoma wakacheka. "Kiota! Mayai yamo?" mmoja alidakia.

Mzee Leclair, dereva wa basi la shule, hakucheka.

"Mjukuu wangu, leo umefikaje hapa?"

"Si kwa basi lako, babu?"

"Na jana barabara ya kwenu ilikuwaje?"

"Uji mtupu! Baba alisema leo hatutoki."

"Mbona mmetoka? Bi Averill amemwaga kokoto pale tangu saa kumi alfajiri. Matope unayoyacheka ni ya mlangoni kwenu. Haya, Pruitt amevaa viatu gani?"

"Sikuviangalia," Tamsin alisema, uso ukimwaka.

Kura ilikuwa imebakiza nusu saa. Aliibandua karatasi, akamwendea Bi Averill aliyekuwa akinywa supu.

"Bi Averill, nisamehe. Hotuba yako ya asubuhi sikuisikiliza. Naomba nikuulize maswali."

"Uliza upesi, supu inapoa." Bi Averill alitabasamu. "Ila hicho kiota, hata mume wangu amekisifu!"

Karatasi mpya ilitaja makalavati arobaini ya kupitisha maji chini ya barabara yaliyozibuliwa, madaraja matatu yaliyojengwa upya, na basi la shule lililokwama mara moja tu katika miaka sita. Chini yake Tamsin aliandika: "Mwanzo niliandika juu ya buti. Nilikosea."

Safari hii watu walisoma kimya. Mikono ilipohesabiwa, Bi Averill alishinda kwa tofauti ya kura kumi na moja.

"Hata ningeshindwa, ningetaka nishindwe kwa kazi yangu," alimwambia Tamsin. "Ukiandika kazi ya mwanamume, andika na ya mwanamke. Buti nitaziosha jioni. Barabara mtaipita kesho."

Kisha akaenda zake, akiacha nyayo za matope sakafuni.