Njia ya Ng'ombe Mlangoni pa Zahanati

Nyanzala alikuwa uani, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anatarizi kitambaa cha meza. Sindano iliingia, sindano ikatoka. Kuku walichakura karibu na magurudumu yake. Mama mkwe wake, Mariana, alikuwa anapepeta mchele na kuwafukuza kuku kwa mguu. Ulikuwa mwaka 1996, kijijini kwao upande wa Kakese. Mpunga ulikuwa umeshavunwa, na barabara ya kwenda Mpanda ilikuwa vumbi tupu.

Nyanzala aliugua polio akiwa na miaka minne. Tangu hapo miguu yake haikumbeba tena. Lakini mikono yake ilikuwa na nguvu za watu wawili. Kwa mikono hiyo alifua, alipika, alitarizi, na alijisukuma hadi sokoni. Kiti chake kilitengenezwa na Melkior, fundi baiskeli wa Kawajense. Kilikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli ubavuni, na mawili madogo mbele.

Sasa Nyanzala alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa mimba yake ya kwanza.

"Jumatano ni kliniki," Mariana alisema. "Nani atakupandisha?"

Nyanzala alisimamisha sindano. Zahanati haikuwa mbali, lakini baraza yake ilikuwa juu. Mtu alipanda ngazi tatu ndipo aufikie mlango. Siku zote mumewe, Ezekia, alimbeba mgongoni. Lakini Ezekia alikuwa porini Ugalla, anarina asali. Asingerudi upesi. Mara ya mwisho Mariana na jirani walimbeba Nyanzala kwa shuka. Kwenye ngazi ya pili mgongo wa Mariana ulikataa. Nyanzala alinusurika kuanguka na tumbo lake.

Mwanaume pekee aliyebaki nyumbani alikuwa baba mkwe, mzee Masunga. Alikuwa na nguvu za kubeba magunia mawili, lakini hakuruhusiwa kumbeba Nyanzala. Kwa desturi yao ya Kisukuma, baba mkwe na mkamwana huheshimiana kwa mbali. Hawagusani. Mmoja hakalii kiti cha mwenzake. Wakizungumza, kila mtu hutazama upande wake.

Masunga alikuwa zizini, amewapa mgongo. Alikuwa amesikia yote.

"Mama Ezekia!" aliita. "Mwambie mkamwana asihangaike. Nitamjengea njia. Atapanda mwenyewe na kiti chake."

Kesho yake alitoa dume lake jeusi la ng'ombe, akaliuza mnadani, akarudi na saruji. Kisha akamwendea Felisiani. Huyu ndiye mwashi aliyejenga njia ya kupandishia ng'ombe kwenye malori pale mnadani.

"Unaikumbuka njia ile?" Masunga aliuliza. "Nijengee kama ile pale zahanati."

"Ile? Ile naijenga nimefumba macho, mzee wangu."

Kamati ya zahanati ilikubali kwa furaha. Muuguzi, dada Pelagia, alishukuru mpaka akapiga magoti. Hakuna aliyemuuliza Nyanzala neno. Wote walijua wanamtendea wema, na kweli walikuwa wanamtendea wema.

Jumatano watu walikusanyika. Njia mpya ilipanda kutoka chini mpaka mlangoni, nyeupe, imara, na matuta madogo ya saruji kila baada ya hatua. Wanawake walipiga vigelegele. Nyanzala alitokwa na machozi. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyemjengea kitu kikubwa namna hii.

Masunga alisimama kando, akageuka, akatazama barabarani. Ndiyo heshima.

Nyanzala alishika magurudumu, akasukuma. Kiti kikapanda kidogo. Akasukuma tena. Magurudumu madogo yakagonga tuta la kwanza, yakakwama. Alipokaza mikono, kiti kiliinuka mbele. Badala ya mlango, akaona mbingu.

"Mshike! Mshike!"

Pelagia akadaka kiti kwa nyuma. Wanawake watatu wakaja. Wakamsukuma juu kama mkokoteni uliozama kwenye tope. Walipofika mlangoni, hapakuwa na mahali pa kusimama. Mlango ulifungukia nje, na njia iliishia hapo hapo. Wanawake walikishikilia kiti, kimelalia nyuma, mpaka mlango ukafunguliwa. Moyo wa Nyanzala ulidunda masikioni.

"Amepanda?" Masunga aliuliza, bado ametazama barabarani.

Mariana akamtazama Nyanzala. Nyanzala akatikisa kichwa kumwomba anyamaze.

"Amepanda," Mariana alisema.

"Asante, baba," Nyanzala alisema kutoka mlangoni. Shukrani yake ilikuwa ya kweli.

Jumatano iliyofuata alisema amechoka. Jumatano ya pili alisema tairi limepata pancha. Masunga aliona tairi limejaa upepo, akaenda zake zizini.

Siku ya Alhamisi Pelagia alifika nyumbani bila hodi.

"Nyanzala, unanikimbia? Mimi nakudai nini?"

"Hapana, dada."

"Basi niambie. Uso wako mbona umevimba?"

Nyanzala akaweka kitambaa chini. "Dada Pelagia, mzee ametoa dume lake kwa ajili yangu. Ni mkwe gani mwingine angefanya hivyo? Nitafungua mdomo gani kusema njia yake haifai? Watu watasema sina shukrani."

"Shukrani si kufunga mdomo, mwanangu. Mzee aliuza dume ili wewe uingie ndani. Wewe huingii. Usipomwambia, basi dume lake limepotea bure."

Nyanzala akakunja kitambaa, akashika magurudumu.

Siku ile ile watu wanne walimpandisha kwa nguvu. Pelagia alimpima. Presha ilikuwa imeanza kupanda.

"Sikiliza vizuri," Pelagia alisema. "Mama mjamzito akivimba uso na mikono, au akiumwa kichwa sana, au akiona maruweruwe, asikae nyumbani. Presha ya mimba huua mama na mtoto. Kuanzia leo nataka nikuone kila baada ya siku mbili. Utapata wapi watu wanne kila mara? Njia lazima irekebishwe. Namwita Melkior."

Melkior alifika Jumamosi, amepakiwa kwenye baiskeli, gongo lake amelibeba begani kama bunduki. Naye polio ilimpitia utotoni. Masunga, Felisiani na Mariana walikuwa zahanati tayari. Nyanzala alikuwa kwenye kiti, chini ya ukuta. Melkior aliitazama njia, akapiga mluzi.

"Fundi, hii umemjengea nani?"

"Si unaona? Nyanzala!" Felisiani alijibu kwa kiburi. "Ndugu yangu, njia hii inapitisha fahali!"

"Basi mleteni huyo fahali apimwe presha."

Watu walicheka. Felisiani alinuna.

"Saruji yenyewe haijamaliza mwezi," Masunga alisema polepole. "Mnataka ivunjwe? Kosa lake nini?"

"Mimi sisemi kitu, mzee. Kiti chenyewe kitasema. Wewe desturi inakukataza kukikalia. Fundi Felisiani hana mkwe hapa. Akae yeye, apande. Asisukumwe na mtu, na miguu asiitumie."

Nyanzala akashuka kwenye mkeka. Felisiani akakaa, akakunja mikono ya shati. "Mtoto wa Kifipa huyu!" alijisifu. Akasukuma. Akakwama kwenye tuta la kwanza. Akasukuma kwa hasira. Kiti kikainuka, kikarudi nyuma, kikapinda kando. Felisiani akaangukia kwenye bustani ya mchicha ya zahanati.

"Ee mama yangu!"

Watu waliangua kicheko. Masunga hakucheka. Safari hii hakuwa amegeuka, kwa sababu mkamwana hakuwa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza aliona.

"Mama Ezekia," alisema. "Siku ile niliyotazama barabarani, ilikuwa hivi?"

Mariana alitazama chini. "Ilikuwa hivi."

"Na tumbo lile?"

"Na tumbo lile."

Ndipo sauti ya Nyanzala ikatoka kwenye mkeka. Alikuwa ametazama ukuta.

"Baba, naomba kusema."

Masunga akageukia barabara. "Sema, mwanangu."

"Njia hii nimeilia machozi ya furaha. Mpaka leo nashukuru. Lakini naiogopa, baba. Nataka kupanda mwenyewe, kama ulivyotaka wewe."

Masunga alijibu bila kugeuka. "Ungeniambia siku ile ile. Ningeivunja siku ile ile."

Felisiani alikuwa anajipangusa mchicha. Kiburi kilikuwa kimebaki bustanini. "Lakini Melkior, ng'ombe wanapita vipi?"

"Ng'ombe ana miguu minne, na nyuma yake kuna mtu ana fimbo. Matuta yanazuia kwato zisiteleze. Njia inapanda wima ili asisimame kufikiri. Na haina mahali pa kupumzika juu, kwa sababu anaingia moja kwa moja kwenye lori. Wewe umejenga vizuri sana, fundi. Umemjengea ng'ombe. Huyu ana mikono miwili, na anataka kwenda peke yake."

Akapiga magoti kando ya baraza, akapima kwa kiganja, kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

"Baraza ina shibiri tatu kwenda juu. Njia yako ina shibiri tisa tu chini. Kanuni ni hii: kwa kila shibiri moja ya juu, weka shibiri kumi na mbili za chini."

Masunga akahesabu kwa vidole. "Tatu za juu... thelathini na sita za chini! Itafika barabarani!"

"Haifiki. Tuifuate kando ya ukuta, halafu ikate kona. Pale kwenye kona tuweke mahali tambarare, apumzishe mikono. Na juu mlangoni pia pawe tambarare, pana, kiti kisimame chenyewe wakati anafungua mlango."

"Na matuta?" Felisiani aliuliza.

"Yaondoke yote. Saruji ikiwa mbichi, ipitishie ufagio tu. Mikwaruzo ile inatosha kuzuia utelezi wa mvua. Pembeni weka ukingo mdogo, gurudumu lisidondoke. Na pande zote mbili weka mti wa kushikilia, kwa ajili ya wazee."

"Upana je?"

Melkior alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Akamgeukia Nyanzala. "Mwenye kiti yuko hapa. Tumuulize yeye."

Nyanzala alipanda kwenye kiti chake. Akanyoosha viwiko kama anavyosukuma. "Hivi," alisema. "Na zaidi kidogo, nisichubue mikono."

Wakapima. Shibiri tano.

Jumatatu Masunga alishika nyundo, akapiga pigo la kwanza kuivunja njia yake mwenyewe. Vijiji hunong'ona, lakini kijiji hiki kilileta matofali. Felisiani hakutaka malipo. Kila jioni alimwomba Nyanzala apite sehemu iliyokauka. Akisema "hapa pananivuta pembeni", Felisiani alirekebisha bila kubisha. Siku zile za kungoja, Pelagia alimpima Nyanzala nyumbani, akibeba mashine yake mkononi.

Siku ya kumi na mbili njia ilikuwa tayari. Masunga alisimama palepale, akatazama barabarani. Alisikia magurudumu yakianza. Alingoja kelele za "mshike". Hazikuja. Magurudumu yaliimba taratibu kando ya ukuta, yakanyamaza kwenye kona. Pumzi moja. Yakaendelea. Kisha mlango ukalia.

"Baba," Nyanzala aliita, "nimefika. Peke yangu."

Masunga hakugeuka. Alijifuta uso kwa kiganja. "Vumbi la hapa!" alisema. Lakini asubuhi ile upepo haukuwepo.

Wiki mbili baadaye Nyanzala aliamka na kichwa kinamuuma sana. Macho yaliona vinyota. Mariana alikuwa ameshakwenda shamba, na Masunga alikuwa malishoni. Hakukuwa na mtu wa kumwita. Nyanzala alikumbuka maneno ya Pelagia. Hakungoja. Alijisukuma mwenyewe hadi zahanati, akapanda njia, akapumzika kwenye kona, akapanda tena, akafungua mlango.

Pelagia alimpima mara moja tu. "Umekuja kwa wakati," alisema. Akampa dawa, akatafuta gari la mchele lililokuwa linakwenda mjini, akamsindikiza mwenyewe mpaka hospitali ya Mpanda. Siku ya pili Nyanzala alijifungua mtoto wa kike. Mtoto alikuwa mdogo, lakini alilia kwa nguvu kama baba yake anayefukuza nyuki. Mama alipona.

"Angechelewa nusu siku, tungesema mengine," daktari alimwambia Mariana.

Ezekia alirudi na madebe ya asali, akamkuta mke na mtoto. Debe moja alimpelekea Melkior. La pili alimpelekea Felisiani.

Nyanzala naye alimaliza kitambaa chake. Alikitarizi kwa nyuzi za kijani, akampa Mariana ampelekee baba mkwe. Masunga alikuwa mwanafunzi mpya wa elimu ya watu wazima. Alikisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, jioni nzima:

*Shibiri moja ya juu, kumi na mbili za chini,*
*Penye kwato na miguu, kiti hakipiti ndani,*
*Usipime kwa makuu, muulize wa kitini,*
*Nimepanda kwa nafuu, asante tele moyoni.*

Tangu hapo njia ile haikumtumikia Nyanzala peke yake. Bibi mwenye mkongojo huipanda. Mama wa mapacha huipanda. Siku maboksi ya dawa yanapoletwa, toroli hupita bila jasho.

Jumatano ya kumpima mtoto uzito, Nyanzala hutangulia na kiti chake. Masunga hufuata nyuma, kwa umbali wa heshima, kifuani amembeba mjukuu. Desturi ilimkataza kumbeba mama wa mtoto. Mjukuu anaruhusiwa kumbeba. Kwenye kona husimama, hutazama barabarani, humngoja mkamwana afike juu.

"Nimefika, baba," Nyanzala huita.

"Nasi tunakuja," Masunga hujibu, na hupanda polepole, bila ngazi hata moja.