Niliwaambia Wasiuze Ng'ombe

Nina umri wa miaka thelathini na miwili, sijaoa, na ni fundi mitambo wa redio mjini Geita. Sauti ya mtangazaji ikikufikia safi bila kukwaruza, ujue kuna mtu nyuma yake aliyepanda mnara, akakaza waya, akawasha jenereta umeme ulipokatika. Mtu huyo ni mimi. Jina langu hulisikii. Kazi yetu ndivyo ilivyo.

Nawaandikia ndugu wasomaji bila machozi. Nilidhani yangekuja nikishika kalamu... hayakuja.

Nilizaliwa kijiji kimoja nje kidogo ya Kolandoto, mkoani Shinyanga. Baba alifariki mapema, nikabaki na mama na dada yangu mdogo, Kabula. Nilipopata kazi redioni, mama alinunua redio ndogo ya betri. Matangazo yetu hayafiki vizuri kule. Jioni aliibeba mpaka kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, akainyoosha antena, akasikiliza mkwaruzo ambao ndani yake, mara mojamoja, mlikuwa na neno. Majirani walimcheka, wakimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Mayu, unasikiliza mvua?"

"Nasikiliza mwanangu," aliwajibu. "Hiyo sauti ni yeye anayeirusha."

Basi kijiji kizima kikaamini nina fedha. Mtu wa redio! Anayezungumza na wilaya nzima atakosaje fedha? Na mimi, Mungu anisamehe, sikuwahi kuwaambia vinginevyo.

Ukweli ni kwamba nililipwa laki mbili na nusu kwa mwezi, tena mwezi ambao mkurugenzi alikumbuka. Sikuwa na mkataba. Sikuwa na bima. Nilipewa fedha mkononi, kwenye korido, kama mtu anayepewa nauli.

Na Geita, wasomaji wangu, haina bei ya mtu wa mshahara. Geita ina bei ya mchimbaji. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema dhahabu, vijana wanashuka mjini na mabunda, na siku hiyohiyo nyanya zinapanda, samaki wanapanda, hata kunyoa nywele kunapanda. Duara likikauka, wachimbaji wanaondoka... bei hazishuki. Nilipanga chumba kimoja Kalangalala. Mama mwenye nyumba, Mama Shija, alipandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Nilipomlalamikia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, nyie si ndio mlitangaza asubuhi kwamba dhahabu imepanda? Mimi nimesikiliza redio yako tu!"

Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Kila mwezi nilimtumia mama kidogo. Ili nimtumie, nilikula mlo mmoja. Sokoni nilijifunza kununua nyanya zilizopasuka, na muuzaji alikuwa akipaza sauti wenzake wasikie: "Mtu wa redio huyo, mpisheni, anaomba apunguziwe bei ya nyanya mbovu!" Nyumbani niliwaambia naendelea vizuri. Mama akashukuru, akasema Mungu anizidishie. Kwa nini ningemvunja moyo?

Kisha mama akaanza kuumwa tumbo.

Kabula alinipigia simu siku ya Jumatatu. Mama alikuwa amelazwa. Daktari alikuwa ameona uvimbe, akasema afanyiwe upasuaji mapema. Gharama ilikuwa karibu mishahara yangu mitatu. Kabula hakulia. Alikuwa ameshafikiria. Tulikuwa na ng'ombe mmoja, jike jekundu, aliyebaki kwenye mahari ya Kabula. Mnada wa mifugo ulikuwa Jumatano, na mnada kwetu huja mara moja tu kwa wiki.

"Kaka, tumpeleke?" aliniuliza. "Mjomba amesema bei ni nzuri sasa hivi."

Mngemjibu nini?

Asubuhi ileile mkurugenzi alikuwa ameniita ofisini. Jumamosi tulikuwa na mechi ya fainali, matangazo ya moja kwa moja kutoka uwanjani, yenye mdhamini mkubwa. Alinishika bega, akaniahidi kwamba likipita hilo, nitapata malimbikizo yangu yote na nyongeza juu yake. Alisema mimi ndiye uti wa mgongo wa redio ile. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo... nikavimba kichwa.

Nikamjibu dada yangu kwa sauti ya mtu mwenye fedha. Nikamwambia ng'ombe wa mahari yake hauzwi mimi nikiwa hai. Nikamwambia Jumamosi jioni nitatuma fedha zote, Jumapili nitafika mwenyewe.

"Una uhakika, kaka?"

"Kabula, mimi ni mtu wa redio. Msiuze ng'ombe."

Maneno hayo ni yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Baadaye niliambiwa kwamba mama, pale kitandani, alipoelezwa, alitabasamu, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani, "Mwanangu amekataza tusiuze."

Jumatano mnada ukapita. Ng'ombe wetu akabaki zizini.

Jumamosi niliingia studio kabla ya alfajiri kupima mitambo. Kwetu ni amri: matangazo ya moja kwa moja yakianza kuandaliwa, simu zinazimwa, kwa sababu zinaingilia mitambo. Nilizima yangu nikaiweka mfukoni. Sauti kutoka uwanjani ilikuwa ikikatikakatika, nikaifukuzia kwa vidole mpaka ikatulia. Mpira ukaanza. Kelele za mashabiki zilijaa masikioni mwangu, nami nikawa nafikiria malimbikizo.

Ikafika mapumziko. Wakati wa mapumziko redio yetu husoma matangazo ya vifo, kwa maana huku watu wametawanyika machimboni, na wengi hupata habari za msiba kwa redio kabla hazijawafikia kwa ndugu. Mtangazaji wetu, Neema, alikaa upande wa pili wa kioo. Alinionyesha dole gumba. Nikamfungulia mikrofoni.

Alisoma msiba wa kwanza. Akasoma wa pili. Kisha akasoma:

"Familia ya marehemu mzee Luhende, wa Kolandoto, inasikitika kutangaza kifo cha mama yao mpendwa, kilichotokea leo alfajiri. Habari zimfikie Makoye Luhende, aliyeko Geita, popote alipo. Afike nyumbani haraka."

Makoye Luhende ni mimi.

Neema hakujua. Alinitazama kupitia kioo, akasubiri. Baada ya msiba huwa tunaweka wimbo wa kwaya, na anayeuweka ni mimi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ulishusha mikrofoni, ukapandisha kwaya polepole, vizuri, bila kukwaruza. Nakumbuka niliangalia mshale wa kipima sauti nikaona uko mahali pake.

Sikulia. Sikupiga kelele. Kipindi cha pili kikaanza nikakirusha mpaka mwisho. Mnaniuliza kwa nini? Sijui... Hata leo sijui. Labda nilidhani nikiinuka pale kwenye kiti, tangazo lile litakuwa kweli.

Mechi ilipokwisha nilikwenda kwa mkurugenzi. Alisema mdhamini bado hajalipa. Nikamwambia mama yangu amefariki. Akasema pole sana Fundi, akaingiza mkono mfukoni, akanipa nauli. Nauli tu!

Kesho yake, njia nzima kwenda Shinyanga niliangalia dirishani, simu bado imezimwa mfukoni. Siwezi kuwaambia niliona nini.

Nilipofika, mama alikuwa ameshazikwa. Walinisubiri mpaka mchana, wakashindwa kusubiri zaidi. Kabula alinieleza kila kitu kwa sauti ya chini, bila kuniangalia. Hali ilibadilika ghafla usiku, uvimbe ukapasukia ndani. Alinipigia simu asubuhi yote, haikupatikana. Ndipo akapiga namba ya redio, akawaambia ananitafuta, mimi ni mfanyakazi wao.

"Wakasema hapo hakuna mtu mwenye jina hilo," alisema. "Wakaniambia kama nataka tangazo, nilipie."

Akalipia. Dada yangu alilipa ili jina langu litajwe mahali ninapofanya kazi.

Wale hawakumdanganya. Pale mimi ni Fundi. Jina langu halikuwa limeandikwa popote, na mimi nilikuwa nimeona hilo ni jambo dogo.

Watu wa msiba walikuwa wengi. Mama alipendwa. Na msiba wa kwetu lazima watu wale. Niliketi kwenye mkeka na wanaume, mjomba akaniletea sahani ya ugali na nyama. Nikaitazama ile nyama. Nikageuza shingo kuelekea zizini.

Zizi lilikuwa wazi.

"Kula, Makoye," mjomba aliniambia. "Ndiye yule mwekundu. Tungefanyaje? Watu ni wengi."

Ng'ombe niliyewakataza wasimuuze ili mama apone, tulimla kwenye msiba wa mama! Na mimi nilikula, wasomaji. Watu walikuwa wakinitazama, mtu wa redio, nikatafuna nikameza. Haikuwa na ladha yoyote. Tangu siku hiyo chakula kwangu ni kitu cha kutafuna tu.

Nimerudi Geita. Mnara ni uleule, chumba ni kilekile, Mama Shija amepandisha kodi tena. Nimeomba mkataba wenye jina langu lote, nimeambiwa nisubiri. Kabula hupokea simu zangu. Tunaulizana hali, kisha kila mmoja anamsikia mwenzake anapumua.

Nawasihi nyinyi mlioko mijini na machimboni, mnaovaa shati zuri siku ya kwenda nyumbani: waambieni watu wenu mnalipwa kiasi gani. Watajieni kiasi chenyewe, hata kama ni cha aibu. Mama yangu angecheka kidogo, angenionea huruma, kisha angesema ng'ombe auzwe. Ningekuwa maskini mwenye mama.

Ile redio yake ndogo Kabula amenipa. Kabla sijaondoka nyumbani niliiwasha jioni moja pale kwenye kichuguu, nikaielekeza Geita. Nilisikia mkwaruzo tu... Nikakaa nikausikiliza mpaka betri zikaisha.