Karatasi ya Mama

Kimya aliliona kosa kwanza kwapani. Mpishi wa shule alikuwa kwenye duka lao la ushonaji, anajaribu gauni lake jipya la kazi. Aliinua mkono kufungua dirisha, na mshono ukaachia. Hakulalamika. Alilivua, akavaa nguo yake ya zamani, akaenda zake kama walivyokwenda wateja wengine kabla yake.

Binti huyu aliitwa Kimya kwa sababu maneno yake yalitoka kwa shida, kama msumari kwenye mti mkavu. Mama alipougua, Kimya aliacha shule darasa la tano akakaa kwenye cherehani. Sasa mama hayupo, na duka la baba linakufa polepole.

Baba alikuwa fundi mzuri, lakini alikata kila gauni kwa kufuata karatasi moja tu ya mchoro, ile aliyoichora mama. Mteja awe mnene, awe mwembamba, karatasi ni ile ile. Ukimshauri aibadilishe, anakuuliza, "Mama yake Kimya akija, nimwambie nini?" Cherehani cha mama kilikuwa kimeshapata mnunuzi.

Jioni ile Kimya alikwenda kwenye darasa la watu wazima, akakaa nyuma karibu na mlango. Mwalimu alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja. Siku hiyo alizungumzia falsafa ya Kiafrika. Alisema hata wasomi hawajakubaliana ni kitu gani hasa. Wapo wanaosema ni hekima tuliyorithi sote: methali, mila, namna tunavyouona uhai na kifo. Wapo wanaopinga. Hao husema jambo lililokubaliwa na wote bila kuulizwa bado halijawa falsafa. Wengine waliwaendea wazee wasiojua kusoma, wake kwa waume, wakawauliza: tumesikia walivyosema babu zako, je, wewe mwenyewe unaonaje, na kwa nini?

"Basi mke wangu ni mwanafalsafa," alisema muuza mkaa. "Kila nikifungua mdomo, kwa nini, kwa nini."

"Na wewe ukimjibu kwa sababu, siyo kwa sauti, mtakuwa wawili," alisema mwalimu.

Darasa zima lilicheka. Kimya hakucheka. Njiani alimuuliza mwalimu, kwa sauti ya chini, kama kukihoji ulichoachiwa si kumvunjia heshima aliyekuachia.

"Mwanangu, huyo naye aliwaza," mwalimu alisema. "Ukishika neno lake ukaacha kuwaza kwake, umebaki na ganda. Liulize hilo neno. Ni kweli? Lilisemwa kwa nini? Leo bado linatufaa? Ukijibu kwa sababu zinazotoka kwenye maisha yetu haya, mimi naona hiyo ndiyo falsafa yetu. Nawe una ruhusa ya kunipinga."

Asubuhi mnunuzi alikuja akachukua cherehani cha mama. Sakafuni zilibaki alama za miguu ya cherehani. Baba alizitazama, kisha akatandika karatasi mezani, akashika mkasi.

"Baba, mama aliikata hivi kwa nini?"

"Ndivyo alivyoikata."

"Najua. Lakini kwa nini?"

Baba aliilaza mikunjo ya karatasi kwa kiganja. Kisha alisema siku ile dukani hapakuwa na mtu wa kupimwa, mama akajipima mwenyewe. Akaongeza, taratibu, kwamba mabega yake yalikuwa madogo kama ya kifaranga.

"Basi ni vipimo vyake," Kimya alisema. "Siyo vya mpishi."

Baba aliweka mkasi chini, akatafuta futi ya kupimia.

Mpishi aliitwa tena akapimwa, karatasi mpya ikakatwa. Alipovaa gauni aliinua mikono yote miwili, akainama, akajinyoosha hadi juu ya kabati. Mshono haukuachia. Akaagiza na la mwenzake. Yalikuwa magauni mawili tu, na alama za cherehani bado zilikuwa pale sakafuni.

Baba alianza kuikunja karatasi ya zamani. "Tuiweke vizuri," alisema. "Mama yako akija asiseme tumeitupa."

Katika nyumba ile walisema hayupo, walisema ametutoka. Neno lenyewe hakuna aliyewahi kulitamka. Kimya alishika ncha ya pili ya karatasi, wakaikunja pamoja.

"Hatakuja, baba," alisema. "Mama amekufa."