Kitabu Bila Tinda

Jioni hiyo nilikuwa naenda tu kununua makaa. Makaa! Sikuwa natafuta shetani, mimi.

Mnanijua. Truphena wa samaki, hapa Rodi Kopany, yule akicheka mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka. Nilimwachia Joyline karai ikiwa kwa moto. Joyline ni mtoto wa ndugu yangu, amemaliza form four, anangoja kwenda college ya ualimu. Ananiita waya, vile sisi tunaita shangazi. Baba yake tulizika. Huyo mtoto ndio nimebaki naye.

Kila jioni kazi yake ilikuwa kugeuza samaki na kunisomea. Mimi shule niliachia darasa la tatu, nasoma tu mabango ya mazishi, hahaha! Kitabu ilikuwa ya Kizungu, yeye anaipindua Kiswahili. Ndani yake kuna mji umezungushiwa ukuta. Serikali ya huko imekataza watu kulia wafu wao. Ukilia, kuna mtu anapeleka jina lako, na giza ikiingia wanakuja kugonga. Ko. Ko. Asubuhi mlango iko wazi, chai imepoa kwa meza. Sasa nani anataja majina? Kuna msichana mmoja anamtafuta huyo mtu. Hiyo ndiyo utamu yake.

Yawa, hiyo kitu ni tamu! Samaki iliungua nikiwa nimeshika mwiko hewani. Unajiambia asome kidogo tu halafu tufunge. Wapi! Mwandishi anakuvuta kama mbuzi iko kwa kamba.

Lakini jioni moja, kabla ya hiyo ya makaa, nilimchambua huyo mwandishi, si mnajua mdomo yangu.

"Joyline, hawa watu hawali? Tangu juzi hakuna mtu amepika. Na huyu msichana hana shangazi? Mji mzima hakuna mtu wa kumuuliza umeamkaje? Wananong'ona na kukimbia tu!"

"Waya, hiyo ni suspense."

"Suspense bila ugali!" Nikacheka mpaka machozi ikatoka.

Na mtu akacheka nyuma yetu.

Polepole... kama mtu anakohoa majivu.

Ilikuwa mama mmoja, simjui, amesimama pale mwanga wa taa unaishia. Leso kichwani, ameivuta mpaka kwa macho. Na harufu yake... mnajua nyumba ya nyasi ya mtu alikufa, ikifungwa halafu mvua inyeshe? Hiyo.

"Karibu mathe. Nikufungie samaki?"

Akakataa na kichwa. Akanong'ona, "Halafu?"

Nikaona huyu ni mteja wa kesho. Nikamsukumia kiti. "Keti mathe, usikize. Joyline, endelea." Mimi mwenyewe, na mdomo yangu, nilimkaribisha.

Kutoka hiyo siku alikuja kila jioni, giza ikianza kuingia. Hakununua hata mkia. Paka wa soko wakaacha kuja kwetu. Na mimi mjinga nikafurahi, nikasema afadhali, wezi wamehama!

Sasa ile jioni ya makaa. Njiani nikakutana na Millicent muuza mboga. Tukasimama, tukapiga domo, mara ya huyu, mara ya yule... kushtuka, giza imeshuka. Narudi kwa kibanda, moto imelala. Iko taa ya simu tu. Yule mama ako ndani. Ameshika Joyline kwa mkono.

Joyline anasoma. "Msichana akasikia mlango. Akasimama. Akaweka mkono kwa komeo."

Joyline akashusha kitabu.

"Halafu?"

"Imeisha, mathe. Mwandishi ameachia hapo. Tungoje kitabu ya pili."

"Halafu?"

"Si nimekuambia hakuna..."

"Halafu?"

Joyline akafungua mdomo ajibu. Maneno yake hayakutoka. Yakatoka yale ya kitabu. "Msichana akasikia mlango. Akasimama." Tena. "Msichana akasikia mlango." Macho yananitafuta, machozi yanateremka, mdomo unasoma peke yake. Na nyuma ya mabati...

Ko.

Ko.

Nyuma ya mabati yetu hakuna njia. Kuna mtaro tu, na nyasi.

Hapo ndio nikakumbuka dana, yule alizaa mama yangu. Jioni alikuwa anatupigia sigana, hadithi za zamani, na akimaliza lazima aseme "tinda". Tinda ndio kufunga. Hata usingizi ikikushika katikati, alikuwa anakutingisha useme tinda kwanza. Alisema hadithi ikiachwa wazi, wale walikuja kusikiza gizani hawaoni njia ya kurudi. Na dana mwenyewe alikufa katikati ya sigana. Tukapiga nduru, tukakimbia. Hakuna mtu alisema tinda.

Sasa huyu mwandishi, na kisomo yake yote, anaachia watu mlango wazi hivyo!

Nikanyakua kitabu. Niliishika juu chini, sijali. "Msichana akafungua mlango!" nikapiga kelele. "Nje ni shangazi yake, amebeba samaki. Wakawasha moto, wakapika, wakala wakashiba. Wakalia wafu wao mpaka ukuta ukaanguka!"

Kugonga ikanyamaza. Joyline pia akanyamaza. Lakini mama hakuachilia ule mkono.

"Na nani alikuwa anataja majina?"

Yesu. Hiyo nilikuwa sijui. Majina yote ya kitabu yakanitoka kichwani. Jina ilikuwa imebaki kwa ulimi ni ya Millicent, sababu tumetoka kuongea sasa hivi. Ilikuwa inataka kuteleza tu. Nikaangalia Joyline. Vidole vyake vimekuwa rangi ya jivu.

Nikajiuliza, hapa Rodi nani anabeba majina ya watu mdomoni kama mimi?

"Ni huyo shangazi," nikasema. "Anaitwa Truphena. Tinda."

Mama akaachilia. Chini ya leso niliona kidevu tu, na masizi.

"Tinda," akaitikia.

Hiyo sauti... Hiyo sauti tulizika.

Akaenda upande wa mtaro. Sikusikia nyasi ikilia.

Mchungaji anasema ni pepo imeiba sauti. Millicent anasema ni dana, ameenda kupumzika. Mimi nilisema basi, bora mtoto amepona. Akaenda college yake huko Migori, na mimi nikarudi kwa samaki na kicheko yangu.

Mpaka jana jioni. Nikiwa peke yangu kwa kibanda, simu ikalia.

"Waya! Nimepata kitabu ya pili!"

"Usiisome."

"Nimesoma mwanzo tu..." Nikasikia anageuza ukurasa. "Waya. Amefungua mlango. Nje ni shangazi yake. Amebeba samaki."

Sikucheka.

"Ako na jina?"

"Ako. Ni yako." Nasikia anavyopumua. "Waya, hii kitabu nifunge?"

"Usifunge! Soma, Joyline. Soma mpaka mwisho, mtoto wangu."

Akasoma. "Giza ikaingia. Yule mwanamke alikuwa peke yake kwa kibanda, simu kwa sikio. Nyuma ya mabati..."

"Endelea!"

"Ukurasa imeishia hapo, waya. Ngoja nigeuze."

Ko.

Moto ikalala. Ile harufu ya nyasi ilinyeshewa ikanijia, karibu kabisa. Na nikasikia mdomo yangu mwenyewe, hii ya kelele, ikinong'ona.

"Halafu?"